Mpunga umeharibu mpira? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu kwamba ligi kuu yetu ya Tanzania siku hizi inanuka hela, basi meseji zikamiminika. Za matusi nimeziacha, hizi hapa nazijibu.

Kaka, ukweli usemwe, hela imeua ligi. Tangu Azam wachukue 2014 ni Simba na Yanga tu. (Mdau, Mbeya)

Hesabu yako iko sawa. Azam walibeba msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja, halafu Yanga mara tatu, Simba mara nne, Yanga tena mara nne mpaka 2025. Ila rudi nyuma kidogo ndugu yangu: Mtibwa walichukua 1999 na 2000, na kutoka hapo mpaka Azam wanakuja ni Simba na Yanga hao hao, na enzi hizo hakukuwa na hela ya maana, timu zilikuwa zinachangishana nauli. Kwa hiyo hela imekuta nyumba ishajengwa, yenyewe imeongeza ghorofa tu. Tena kichekesho ni kwamba waliokuja kuvunja huo utaratibu ni Azam, timu ya Bakhresa! Bila hela ya tajiri hata hiyo 2014 usingeiona.

Hizo bilioni za Azam TV sisi wa mikoani zinatusaidia nini?

Zinasaidia sana aisee. Mkataba wao wa 2021 wa kuonyesha ligi ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Linganisha na msimu wa 2018/19, ligi ilichezwa haina mdhamini mkuu kabisa, timu inatoka Dar inaenda Bukoba kwa basi, inafika miguu imevimba halafu mnasema wachezaji hawajitumi. Hela ya tivii uzuri wake haiangalii umeshinda au umefungwa jana, inakuja, na kila timu inapata fungu lake. Waingereza tangu 1992 nusu ya hela ya tivii ya ndani wanagawana sawa kwa sawa, ndo maana timu ndogo kama Leicester ikaweza kulipa wachezaji wa maana ikachukua kombe 2016.

Mo (mwekezaji wa Simba) na GSM (kampuni inayoifadhili Yanga) wakiamka siku moja wakasema basi, inakuwaje?

Hili ndo swali lenyewe sasa. Mimi siogopi hela, naogopa hela inayotoka mfuko mmoja. Kuna timu Urusi inaitwa Anzhi, 2011 bilionea mmoja akainunua, akamleta Eto'o kwa mshahara uliotikisa dunia, 2013 akabadili mawazo, mastaa wakauzwa ndani ya wiki chache na msimu huo huo wakashuka daraja, leo timu yenyewe haipo. Huku kwetu angalau kuna sheria kwamba wanachama wabaki na asilimia 51, ndo maana Mo, aliyeshinda zabuni mwaka 2017 kwa bilioni 20, aliishia kwenye 49. Kwenye karatasi safi. Lakini tuulizane, mshahara wa mwezi unatoka kwenye ile 51 au kwenye simu ya mtu mmoja? Na ubaya mwingine wa mfuko mmoja ni kutoaminiana. Mnakumbuka GSM walipoingia kudhamini ligi nzima mwishoni mwa 2021, Simba wakagoma kuvaa nembo ya watu wanaojulikana ni wa Yanga, Februari 2022 GSM wakajitoa, na timu za chini ambazo hazikugombana na mtu ndo zikakosa hela.

Huku Kenya tulikuwa na hela ya kubeti, ikatuacha. Nyie mmejifunza?

Bado. Julai 2017 SportPesa waliwaleta Everton wakacheza na Gor Mahia hapa hapa Dar, Rooney akafunga, wote tukaona tumefika Ulaya. 2019 wakagombana na serikali yenu, udhamini ukakatwa, Gor na Leopards wakabaki wanahangaika. Na sisi jezi zetu zimejaa makampuni hayo hayo.

Wageni 12 kwa timu, vijana wetu watacheza lini?

Hapa najigonga mwenyewe, maana kwa upande mmoja naona faida: Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba 2025, na kabla ya hapo fainali ya Afrika tuliishika mara ya mwisho 1993. Wageni wamefanya kazi, tusijidanganye. Na Samatta mwenyewe alikua kwa kwenda kuwa mgeni, Mazembe ya Congo 2011, kwa hela za Katumbi mwenye timu, ndo akaonekana na Genk ya Ubelgiji. Ninachokasirikia ni kwamba mpunga wote unaishia dirisha la usajili, viwanja vya mazoezi vya vijana hamna, timu ya U-20 inakopeshwa mipira. Azam pale kwao Chamazi wameonyesha inawezekana, wengine wanapita tu kwenda kukodi.

Mwandishi sema ukweli, wewe ni Simba au Yanga? Naona unawapendelea Simba. (Na mwingine kaandika naipendelea Yanga.)

Mimi mtoto wa Tanga, Coastal Union. Ubingwa wetu ni wa 1988, na babangu mdogo mpaka leo ukikaa naye Mkwakwani anakusimulia mechi moja moja, we mletee kahawa tu.