Je, kuitetea imani kwa kuanzia imani ni kuzunguka duara?

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Ndugu mhariri, Bwana asifiwe. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimojawapo hapa Dodoma. Mwenzangu wa chumbani, ambaye siku hizi ameacha kusali, hunitaka nimthibitishie kwamba Mungu yupo, ila nisitumie Biblia, kwa kuwa Biblia ndiyo inayobishaniwa. Kiongozi wetu wa ushirika alinishauri nimjibu kwamba hata huko kubisha kwake kusingewezekana pasipo Mungu. Nilipomjibu hivyo alicheka, akasema nazunguka duara, yaani nathibitisha jambo kwa kutumia jambo lile lile, tena Mwislamu naye angeweza kuyasema maneno hayo hayo kwa ajili ya Kurani. Je, jibu nililofundishwa lina msingi, au ni ujanja wa maneno?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Lina msingi, ndugu yangu, lakini ulipewa hitimisho bila hoja inayolizaa, ndiyo maana likaonekana kichekesho.

Njia hiyo ya kuitetea imani ilijengwa hasa na Cornelius Van Til, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1895, akahamia Marekani akiwa mtoto, na kuanzia mwaka 1929 akafundisha kwa miongo kadhaa katika seminari ya Westminster mjini Philadelphia. Watetezi wengi waliomtangulia, akiwamo Thomas Aquinas wa karne ya 13, walianzia kwenye mambo ambayo kila mtu huyaona, kama vile mwendo wa vitu na visababishi vyake, wakapanda kutoka hapo hadi kwa Mungu. Van Til aliona kwamba kuanza hivyo ni kukubali kuwa upo uwanja wa katikati ambapo mtu huketi bila kumtii wala kumkataa Mungu na kuamua kesi yake, ilhali Paulo katika Warumi 1:18-21 anasema wanadamu wanamjua Mungu tayari, ila wanaipinga kweli hiyo. Kwa hiyo aliligeuza swali: badala ya kuuliza kama akili inaweza kumthibitisha Mungu, aliuliza ni nini sharti kiwe kweli ili akili, sayansi na maadili viwezekane.

Chukua mfano wa mkulima wa Chamwino anayefukia mbegu za mtama mvua za Desemba zinapoanza. Anategemea kwamba mbegu itaota kama zilivyoota za miaka iliyopita. Ukimuuliza kwa nini yajayo yafanane na yaliyopita, atakwambia ndivyo ilivyokuwa siku zote; lakini David Hume, mwanafalsafa wa Scotland wa karne ya 18, alionyesha kwamba jibu hilo linalichukulia kuwa kweli jambo lile lile linaloulizwa. Hume hakuwa mtetezi wa Ukristo hata kidogo, na hilo ndilo linaloupa ushuhuda wake uzito. Mkristo anayo sababu ya kuutegemea utaratibu wa ulimwengu, kwa kuwa anamwamini Muumba aliyeahidi katika Mwanzo 8:22 kwamba majira ya kupanda na ya kuvuna hayatakoma. Anayeamini kwamba ulimwengu umetokea pasipo kusudi lolote anautegemea utaratibu huo huo kila siku, lakini ni vigumu aeleze anautegemea kwa haki gani.

Angalia vizuri hoja hii isemavyo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wa ushirika hujikwaa. Haisemi kwamba asiyeamini hawezi kufikiri. Mwenzako anafikiri, na huenda katika mtihani wa takwimu anakushinda. Kinachodaiwa ni kwamba anatumia vitu ambavyo mtazamo wake mwenyewe hauwezi kuvitolea hesabu.

Sasa lile duara. Mwenzako akisema atakubali tu yale yanayothibitishwa na akili, muulize kwa upole akili yenyewe imethibitishwa na nini. Hawezi kujibu bila kuitumia, kama vile mizani ya mwisho sokoni isivyokuwa na mizani nyingine ya kuipima. Kila mtu akifuatiliwa hadi chini kabisa hufika kwenye jambo asiloweza kulitetea kwa kitu kilicho juu yake. Hata hivyo, hilo halikupi ruhusa ya kusema kila duara ni sawa na jingine. Linakudai uonyeshe ni msingi upi unaoubeba ulimwengu tunaouishi. Tena lipo pingamizi zito, ambalo mwanafalsafa Barry Stroud alilitoa mwaka 1968 dhidi ya hoja za aina hii kwa ujumla: huenda zinaonyesha tu kwamba hatuwezi kufikiri bila kuamini jambo fulani, wala hazionyeshi kwamba jambo hilo ni kweli. Kwa maoni yangu pingamizi hilo halijajibiwa hadi mwisho, na mtetezi mwaminifu asilifiche.

Kuhusu Mwislamu, mwenzako amegusa mahali penyewe. Mengi niliyoyasema juu ya utaratibu wa ulimwengu, Mwislamu wa Dodoma atayaitikia bila shida, kwa kuwa naye anamwamini Muumba. Van Til alijibu kwamba ni katika Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, tu ambamo umoja na wingi vyote ni vya milele, hivyo ulimwengu wenye vitu vingi vinavyoshikamana unapata asili yake humo. Ni wazo lenye kina, lakini sijaona likimsaidia mtu katika mihadhara ya uwanjani, ambako kila upande huja kushangilia wa kwake. Kwa jirani Mwislamu linalobishaniwa ni Yesu: kama alikufa, na kama alifufuka. Hapo nenda kwenye 1 Wakorintho 15, ambapo Paulo anawataja mashahidi, wakiwamo zaidi ya 500 waliomwona kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado hai alipoandika. Van Til mwenyewe hakukataa ushahidi wa namna hiyo. Alichokataa ni dhana kwamba kuna mtu anayeusoma bila msimamo wowote.

Jambo moja zaidi. Umeandika kwamba mwenzako ameacha kusali, maana yake alikuwa akisali. Kabla ya Hume na Van Til, ungemuuliza kilichomfanya aache. Huenda hoja unazozitafuta si za swali alilo nalo.

SWALI: Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na mstari wa 5 unaagiza ajibiwe hivyo hivyo. Mtetezi wa imani afuate upi?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Yote miwili. Greg Bahnsen, mwanafunzi wa Van Til aliyefahamika kwa mdahalo wake wa mwaka 1985 na mkana Mungu Gordon Stein katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliifanya kuwa hatua mbili. Katika moja unakataa kusimama juu ya msingi wa mpinzani wako, usije ukafanana naye. Katika nyingine unasimama juu yake kwa muda tu, ili aone msingi huo unakompeleka. Neno «mpumbavu» hapo halikupi leseni ya kutukana, kwa kuwa 1 Petro 3:15 inaagiza jibu litolewe kwa upole. Wala si lazima kufuata mpangilio wa mistari: mara nyingi hatua ya pili ndiyo inayotangulia, maana anayeuliza hutaka kwanza kujua kama umeyaelewa anayoyaamini.