Nyumba ya kupangisha Lubumbashi: pesa ya ukarabati ianzie wapi

Mpangaji akihama, kila mtu anakuambia upake rangi. Jirani atasema rangi, komisionere anayekutafutia mpangaji mpya atasema rangi, hata fundi aliyeitwa kutazama choo atamalizia kwa rangi. Mimi nasimamia parsele (kiwanja) ya familia pale Katuba, nyumba kubwa mbele na vyumba vya uani nyuma, na rangi naiweka mwisho. Rangi ya mwaka huu ukiiacha mpaka mwaka ujao, kazi ni ileile. Tundu la paa ukiliacha mwaka mmoja litakuwa limekula mbao, plafo (dari) na ukuta.

Hicho ndicho kipimo changu: ubovu huu unakua, au umekaa tu? Unaokua unapata pesa kwanza, hata kama mpangaji hauoni.

Kwa hiyo naanza juu. Mvua zetu zinakolea kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, na mafundi wa paa wote wanatafutwa Oktoba, wakati mawingu yameshaonekana. Muite wako Julai. Mchana jua likiwa kali, panda ndani ya plafo na ukae gizani kidogo: kila tundu la bati litakuonyesha nukta ya mwanga. Zitie alama kwa chaki. Mara nyingi utakuta bati lenyewe bado ni zima, ila misumari imelegea au mipira yake imekauka. Kubadilisha misumari ni kazi ya siku moja na bei yake iko mbali sana na ya paa jipya, kwa hiyo fundi anayetaka kung'oa mabati yote kabla hajapanda juu, mwambie arudi kwake.

Ukiwa huko juu, gonga mbao kwa mpini wa bisibisi. Ubao mzima unalia kavu. Ulioliwa unalia kama kibuyu kitupu. Mchwa wa huku hawana mchezo. (Udongo wa vichuguu vyao ndio tunaochomea matofali, kwa hiyo wakiingia nyumbani kwako wanaona wamerudi kwao.) Tazama pia kuta kuanzia chini: vile vimfereji vya udongo vinavyopanda kando ya fremu ya mlango ni barabara yao. Kuvikwangua tu hakusaidii. Ubao uliooza utolewe, dawa iingizwe ardhini pale wanapotokea, na mbao mpya zipakwe dawa kabla ya kupandishwa. Wengi wanapaka mafuta machafu ya injini. Ni bora kuliko kuacha wazi, lakini kwenye mbao zinazobeba paa mimi nalipia dawa yenyewe.

Chini ya paa, fuata maji yanakoangukia. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, nyingine zimeunganishwa kwa udongo mtupu, na maji yakirukia ukuta kila mvua, udongo ule unatoka kidogokidogo. Mkanda wa simenti kuzunguka nyumba, wenye mteremko wa kupeleka maji nje, unalinda ukuta kuliko plasta mpya. Plasta juu ya ukuta wenye unyevu itabanduka tu.

Kisha umeme, na hapa sina ubishi na mtu, kwa sababu unaua. Wapangaji wanapika kwa makala (mkaa), lakini SNEL, shirika la umeme la Kongo, ikirudisha umeme usiku kila chumba kinawasha jiko la umeme kwa mpigo. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi za kawaida, na jiko kubwa linataka wake peke yake, mnene zaidi. Mafundi wa mtaani wana tabia ya kuweka disjonta (swichi inayojikata umeme ukizidi) kubwa "ili isikatike-katike". Waya wa 2.5 nyuma ya disjonta ya ampea 32 unaweza kuwaka moto ukutani huku disjonta imetulia. Ikikatika, imefanya kazi yake.

Choo na kisima havinipi shida ya kuamua: shimo likikaribia kujaa, linatangulia kila kitu isipokuwa paa. Washauri wa maji wanataka mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, na parsele zetu nyingi hazina nafasi hiyo. Angalau inua mdomo wa kisima, weka mfuniko na simenti pembeni, na waambie wapangaji waziwazi kwamba maji hayo hayanywewi bila kutiwa dawa au kuchemshwa.

Halafu kuna pesa ambayo si yako. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti (pesa ya dhamana anayoweka mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, na mpangaji akiondoka garanti inarudi, ukikata tu uharibifu wake. Nawajua mabayeri (wenye nyumba) wanaonunua mabati kwa garanti ya mpangaji mpya ili wamrudishie garanti mpangaji wa zamani. Siku vyumba viwili vikihama pamoja, kelele zinafika kwa shefu wa mtaa. Ukarabati utoke kwenye kodi: mimi kila ninapopokea natenga sehemu kabla ndugu hawajajua imeingia.

Mpangaji naye anaweza kukuambia, "Mama bayeri, acha nitengeneze mwenyewe, utanikata kwenye kodi." Nakubali, ila kwanza tunaandika kazi, bei na miezi ya kukata, tunasaini wote wawili. Vifaa nanunua mimi, fundi analipwa nusu, na nusu nyingine baada ya mvua ya kwanza kama ni paa.

Sasa rangi. Chini ya kuta za ndani, mpaka usawa wa kiuno, paka ya mafuta ili vumbi jekundu lifutike kwa kitambaa. Juu, ya maji inatosha. Vigae subiri mwaka mwingine.