Marafiki Wamenisingizia: Je, Nijibu?

SWALI: Nina umri wa miaka 16. Nilijiunga na kundi fulani la wasichana, nikaanza kuvaa kama wao ili nisionekane mshamba. Tulipokosana, mmoja wao, ambaye nilikuwa nikimweleza siri zangu, alieneza kwenye simu uvumi kwamba nina uhusiano na wavulana kadhaa. Si kweli, lakini baadhi ya vijana wenzangu kanisani wananiepuka, na mama mmoja anasema mavazi yangu ndiyo yaliyoniponza. Je, amesema kweli? Na je, nijibu hadharani au ninyamaze?

JIBU: Mwanangu, pole sana. Uongo ni dhambi ya aliyeusema. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo (Kutoka 20:16) haina sharti lolote kuhusu jinsi huyo jirani alivyovaa. Katika Mwanzo 39, vazi la Yusufu lilitolewa na mke wa bwana wake kuwa ushahidi wa kosa ambalo hakulitenda kabisa, kwa hiyo huyo mama hakukutendea haki.

Mavazi yenyewe ni suala jingine, na hapo ujiulize ulibadilika kwa ajili ya nani. Petro anapotaja kusuka nywele, dhahabu na mavazi (1 Petro 3:3-4), hapingi unadhifu, maana kama angekuwa anakataza kila alichokitaja, tusingevaa hata nguo. Anataka pambo letu kuu liwe utu wa moyoni. Nguo ambayo ungeipenda hata kama kundi lile lisingekuwapo, na ambayo wazazi wako wanaiona ya staha, ivae bila hofu. Ile uliyoivaa kwa kuogopa kuchekwa tu, iache kwa sababu hiyo, wala si kwa ajili ya kuwanyamazisha wasengenyaji, kwa kuwa hao watapata neno jingine la kusema.

Kuhusu kujibu, soma Nehemia sura ya 6. Nehemia alipokuwa akijenga upya ukuta wa Yerusalemu, adui yake Sanbalati alimpelekea barua isiyofungwa, yenye madai kwamba Nehemia alitaka kujifanya mfalme. Nehemia alikanusha kwa maneno machache, akamwomba Mungu amtie nguvu, akaendelea na kazi, na ukuta ukamalizika kwa siku 52. Hakunyamaza kabisa, wala hakuzunguka mji mzima akijitetea. Nawe waeleze ukweli wazazi wako na mlezi wa vijana, ambao wana uwezo wa kukutetea, kisha uwajibu kwa kifupi wanaokuuliza ana kwa ana. Usiandike chochote kwenye simu, na hasa usifichue siri za yule rafiki, hata kama unazijua nyingi.

Yeye mwenyewe mwendee faraghani, kama Yesu anavyoelekeza katika Mathayo 18:15, na ukiona ni vigumu kwenda peke yako, zungumza kwanza na mzazi wako. Akitubu, msamehe kwa dhati, lakini kumsamehe hakukulazimishi kumkabidhi siri zako tena, kwa sababu Methali 11:13 inamtambua mwaminifu kwa kusitiri mambo, na sifa hiyo huonekana baada ya muda. Wanaokuepuka usiwafuatefuate, endelea kuhudhuria ibada na kutimiza zamu zako kama kawaida, na uwe karibu na wale waliokuuliza wewe kwanza kabla ya kuamini walichosikia, hata kama ni wawili tu na hawana umaarufu wowote.