Mkasi wa Kumpunguza Mbwa Manyoya: Maswali ya Wasomaji

Fundi cherehani ni jirani yangu na ana mkasi mkubwa. Siwezi kuuazima nikampunguze mbwa wangu wa manyoya marefu? (Uyole, Mbeya)

Mkasi wa fundi umetengenezwa kukata kitambaa kilichotandazwa mezani, na ndiyo maana mpini wake umepinda kwenda juu, ili ubapa wa chini uteleze juu ya meza. Juu ya mbwa anayejitikisa mkasi huo ni mzito, ncha yake ni kali, na makali yake yakiwa butu kidogo hukunja unywele na kuuvuta badala ya kuukata. Mbwa akishavutwa hivyo, siku nyingine atakimbilia uvunguni akiona tu unashika mkasi. Isitoshe, fundi hatakushukuru ukimrudishia mkasi uliokata manyoya yenye mchanga.

Muuzaji ameniuliza nataka inchi ngapi, nami nikakosa jibu. (Iringa mjini)

Kwa kawaida urefu huhesabiwa kuanzia nchani hadi mwisho wa mpini, bila kuhesabu kile kikia kidogo cha kuegemeza kidole cha mwisho. Usoni na miguuni inatosha inchi 4 hadi 5, wenye ncha ya mviringo. Mwilini watu hutumia inchi 7 au 8, kwa kuwa mkasi mrefu huacha mistari michache. Upo pia mkasi wa meno, ambao hupunguza wingi wa manyoya na kuficha alama za mkato. Kama fedha ni ya mkasi mmoja tu, nunua ule mfupi wa ncha ya mviringo pamoja na chanuo la chuma. Kazi ya mwili mzima itachukua muda mrefu, lakini jicho la mbwa litakuwa salama.

Mvua za Tukuyu zimemwachia mbwa wangu mafundo ya manyoya nyuma ya masikio na kwapani, na tope katikati ya vidole. Nianze kumwogesha au kumkata? (Rungwe)

Usianze na maji, kwa sababu fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi. Vilevile usipitishe mkasi chini ya fundo huku ukilivuta, kwani ngozi ya sehemu hizo ni nyembamba na huinuka pamoja na manyoya, usijue yanaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Majeraha mengi ya nyumbani hutokea hapo. Ingiza meno ya chanuo kati ya ngozi na fundo, kisha kata juu ya chanuo, au lipasue fundo kwa urefu huku ncha ikielekea nje, halafu lichambue kwa vidole kuanzia mwisho wa manyoya. Chanuo likikataa kupita, fundo limefika kwenye ngozi, na hapo panahitaji mashine ya kunyolea na mkono wa mtu aliyezoea. Tope la katikati ya vidole ni jambo jepesi: kata manyoya yaliyozidi usawa wa nyayo tu, wala usichokonoe ndani.

Nina German Shepherd. Nimkate awe mfupi? (Makambako)

Hapana. Manyoya yake yana tabaka mbili, na lile la chini ndilo linalomkinga na baridi ya Juni na Julai huko kwenu. Mchane, mkasi uishie kwenye nyayo.

Ninatumia mkono wa kushoto na kila mkasi unanishinda. (Mafinga)

Tafuta mkasi wa mkono wa kushoto, ambao bapa zake zimepangwa kinyume. Katika mkasi wa kawaida, kidole gumba cha kushoto huzitenganisha bapa badala ya kuzibana.

Mkasi wangu ulikuwa mzuri, sasa unatafuna. Nimpelekee mnoa visu? (Njombe)

Kwanza ufute, utie tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu, kisha uipime skrubu yenyewe: fungua mkasi hadi pembe mraba, ncha ikitazama juu, uachie ubapa mmoja. Ukianguka na kufunga wote, skrubu imelegea. Usipoteremka kabisa, imekazwa mno. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Ikiwa bado unatafuna, mpelekee anayenoa mikasi ya saluni, kwa sababu jiwe la visu huharibu pembe ya makali. Na ukiupata, usikate nao karatasi.