Ukiwa Dodoma, piga picha kivuli

Mhariri, mmetuuliza wasomaji wenu wiki hii: bustani ya mjini ipigwe picha vipi mpaka mtazamaji aone utulivu na mazingira ya asili badala ya makelele ya mji? Mimi wa Dodoma nabisha kidogo kwanza. Makelele yaacheni yaingie.

Picha nyingi za Nyerere Square, bustani yetu ya katikati ya mji, zinazozunguka kwenye simu zetu ni zilezile: sanamu ya Mwalimu, anga la bluu, nyasi, mtu hakuna. Zinapendeza kama kadi ya sikukuu, lakini nani anakwenda pale kutazama nyasi? Watu wanafuata kivuli. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka hauzidi milimita 600. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi. Ikifika Agosti, nyasi zisizomwagiliwa zimegeuka rangi ya kaki na mibuyu imebaki matawi matupu. Mwarobaini ndio unaoshikilia ukijani wake, na hapo chini yake ndipo penye picha: mzee amekunja gazeti mara nne, amevua kandambili, miguu ameinyoosha juani kidogo; pembeni mwanafunzi kalalia daftari lake. Bodaboda ikipita nyuma yao, usiifute. Bila hiyo nitajuaje kwamba wamepumzika kutoka kwenye nini?

Wengi husema piga asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Ni kweli, uso unatoka vizuri. Ila mimi napenda adhuhuri, hasa mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, jua linapopita utosini kabisa. Kivuli cha mti kinajikusanya kuzunguka shina, na watu wote wamebanana humo ndani, wanaofahamiana na wasiofahamiana, huku nje kweupe hakuna hata kunguru. Rudi nyuma hatua kadhaa uupate mduara mzima. Simu itataka kufuata mwanga wa nje na kuwafanya watu weusi tii. Gusa skrini pale walipo, kisha punguza mwangaza kidogo ili ardhi isiungue ikawa nyeupe.

Na ombeni ruhusa, jamani. "Shikamoo mzee, naomba nikupige picha" haigharimu kitu, na ukimkuta Mgogo ukaanza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, atakusogezea na nafasi kwenye benchi. Kisha mtumie picha yake WhatsApp, si kumwonyesha tu na kuondoka.

Mhariri, mkichapisha picha za wasomaji, najua za Februari zitakuwa nyingi, maana kila kitu kinakuwa kijani na hata simu mbovu inapendeza. Chagueni basi hata moja ya Oktoba, vumbi lake likiwemo.