Usimpe mpwa wako vidonge vya ALA: jibu kwa mwenzetu wa Malindi

Usivinunue vidonge hivyo, na kama umekwisha kuvinunua, usimpe mtoto hata kimoja. Umeandika kwamba mpwa wako wa miaka 9 amekutwa na porfiria ile inayounguza ngozi juani, kwamba kesho muuzaji wa dawa za lishe anakuletea makopo mawili ya ALA kwa kuwa "ndiyo malighafi ya damu", na kwamba unataka pia kujua bei ya kipandikizi cha chini ya ngozi na kama tiba ya mwanga ingemfaa ami yako mwenye saratani ya ngozi. Nimeusoma uzi wako mara tatu, na kila mara macho yamerudi kwenye neno "kesho", kwa sababu nami niliyanunua makopo kama hayo hapa Lamu, kwa maneno kama hayo, nikampa binti yangu, mwenye porfiria hiyohiyo, kwa mkono wangu.

Muuzaji wangu alinieleza kwamba mgonjwa wa porfiria ana shida ya kutengeneza hemu, ile sehemu ya damu inayoshika oksijeni, na kwamba mwili huanza na ALA ili kuitengeneza; basi mtoto akiongezewa ALA, hemu itajaa. Maneno hayo yalininasa kwa sababu nusu yake ni kweli. Asidi ya aminolevulini, ambayo hufupishwa kwa herufi hizo tatu, kweli iko mwanzoni mwa safari ya hemu, safari yenye vimeng'enya vinane, yaani protini zinazoendesha kila hatua yake. Asichoniambia ni kwamba kwa watoto wetu kasoro huwa kwenye kimeng'enya cha mwisho, ferokelatasi, ambacho kazi yake ni kutia chuma ndani ya protoporfirini ili iwe hemu. Ukizidisha malighafi mlangoni, mwisho wa njia kunarundikana protoporfirini isiyo na pa kwenda, na hiyo ndiyo inayouma ikipigwa na mwanga. Ni sawa na kuzidi kuteremsha mawe ya kujengea gatini ilhali punda wa kuyabeba ni mmoja tu: nyumba haiinuki upesi zaidi, ila njia inazibwa.

Siku ya tano ya vidonge tulivuka kwenda Mokowe kumpokea bibi yake. Mashua ilikuwa na turubai, binti alivaa mikono mirefu na ushungi, na safari yenyewe haifiki nusu saa. Nilisahau kwamba bahari hurudisha mwanga kutoka chini. Alikuwa ameweka mkono wa kulia ukingoni mwa mashua. Kwanza alianza kuvipuliza vidole, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa, kisha akautumbukiza mkono wote majini na kuanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kabla ya vidonge, safari kama hiyo ingemwachia mwasho wa jioni moja. Safari hii mkono ulivimba hadi bangili yake ya fedha ikakatwa kwa koleo la fundi. Hapakuwa na lengelenge hata moja, kwa hiyo majirani wawili walidhani anadeka. Kwa siku tatu alilala na kanga iliyolowa maji juu ya mkono, shuka likimgusa analia, na dawa za maumivu tulizokuwa nazo hazikumfaa kitu.

Nilipomrudia muuzaji, alinijibu kwa upole kwamba hizo ni sumu zinazotoka mwilini, akanishauri niongeze kidonge kimoja. Hasira ya jibu hilo haijanitoka hadi leo. Mtu anayeitafsiri kila dalili mbaya kuwa ushahidi kwamba dawa yake inafanya kazi hana namna ya kukosea, na anayelipia ukosefu huo wa kosa ni mtoto. Protoporfirini hutolewa mwilini kupitia ini, na kwa wagonjwa wachache huliharibu ini lenyewe. Vipimo vya binti yangu vilikuja vimepanda, na tukahangaika miezi kadhaa kwenda na kurudi Mombasa hadi viliposhuka.

Huko Mombasa daktari wa ngozi alilishika kopo, akasoma maandishi madogo, akaniuliza kama najua kwamba madaktari wa saratani humpa mtu dutu hii makusudi ili apatwe kwa muda na kile alichozaliwa nacho binti yangu. Hiyo ndiyo tiba ya mwanga uliyoiulizia. ALA hupakwa au hunywewa, seli za uvimbe hulimbikiza protoporfirini, kisha humulikwa mwanga mwekundu wa takriban nanomita 630, na oksijeni iliyomo hugeuka kuwa kali na kuziua seli hizo. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1999 kwa madoa ya ngozi yanayoweza kugeuka saratani. Watafiti hata huongeza dawa za kunasa chuma, kama deferoksamini, ili ferokelatasi ikose chuma cha kutumia na protoporfirini izidi kurundikana. Wanachokitafuta wao kwa ustadi ndicho tunachokikimbia sisi. Mwaka 1912 daktari wa Ujerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga miligramu 200 za porfirini nyingine, yaani dutu ya jamii moja na protoporfirini, akatoka juani, uso ukavimba, na ngozi yake ikabaki kuogopa jua kwa miezi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kabla kitu chochote hakijaingia mwilini mwa mtoto, kiwe kidonge, sindano au dawa ya majani, uliza kinaongeza porfirini au kinaipunguza, na katika hatua ipi ya ile safari. Asiyeweza kujibu abaki na dawa yake. Ukiuliza hivyo utaona pia kwamba hemini na givosirani, ambazo utatajiwa na wengi, zinatibu porfiria za maumivu makali ya tumbo zinazoanzia kwenye ini, wakati ya mpwa wako huanzia kwenye uboho wa mifupa. Kipandikizi cha afamelanotaidi, miligramu 16 kila baada ya miezi miwili, huongeza rangi ya kinga ya ngozi; kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2014 na Marekani mwaka 2019, kwa watu wazima. Kwa sasa mtoto anahitaji glavu, nguo nzito, na krimu yenye rangi iliyochanganywa oksidi ya chuma, kwa kuwa mwanga unaomuumiza zaidi ni ule wa zambarau wa karibu nanomita 400, unaopita kwenye kioo cha dirisha na kwenye mafuta ya kawaida ya jua.

Ami yako, ikiwa ni wa damu moja na mtoto, amtajie daktari wake porfiria hiyo kabla ya tiba ya mwanga.

Jambo la mwisho ni la leo hii. Herufi ALA huandikwa pia kwenye makopo ya asidi ya alfa-lipoiki, ambayo ni kitu kingine kabisa, na wauzaji huzichanganya. Mwombe muuzaji akutumie picha ya upande wa nyuma wa kopo, kisha uiweke hapa usiku huu kabla hajafika. Nitakuwa macho.