Besi wa Naivasha: pima kina kwanza, rangi baadaye

Mkuu, usitoe hiyo hela kwanza. Umeandika kwamba uko Moshi, mwezi ujao unavuka Namanga kwenda Ziwa Naivasha, Kenya, kutafuta besi, wale samaki wawindaji, kwa krankibeti, na muuzaji amekushauri uchukue kisanduku cha krankibeti za rangi mchanganyiko pamoja na mshipi unaohimili paundi 25 "kwa usalama". Halafu unauliza rangi ipi inakamata zaidi, fimbo ya aina gani, boti zinakodishwa wapi, na kama unaweza kwenda na familia. Nimesoma damu ikanichemka, kwa sababu hayo maneno ya "kwa usalama" ndiyo niliyouziwa mimi dukani hapa mjini, na yalimeza safari nzima: nauli, boti, chumba, na likizo niliyoiomba kwa shida.

Kwa wanaopita tu kwenye uzi huu: krankibeti ni samaki bandia wa mti au plastiki. Ukiiacha inaelea. Ukiivuta, ule ulimi ulio chini ya mdomo unachimba maji, inazama huku inatikisika. Ulimi mfupi uliosimama unaipitisha juu juu. Ulimi mrefu uliolala kwenda mbele unaipeleka chini. Kwa hiyo unapokuwa dukani kitu cha kutazama ni ulimi, na muuzaji anayekuanzishia habari za rangi kabla hajakuuliza unavua kwenye maji ya kina gani, muage kwa heri uondoke.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kisiwa cha Crescent pale Naivasha ni kipande cha ukingo wa volkano ya zamani kilichobaki nje ya maji, na upande wake ndiko kwenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine za ziwa, ambalo kwa jumla ni la kina kifupi. Ukiambaa na huo ukingo unakuta migongo ya ardhi iliyozama: juu yake maji ni machache, pembeni yanashuka ghafla. Besi hupenda kukaa sehemu za namna hiyo. Tulitia nanga juu ya mgongo kabisa, kama nilivyoelekezwa dukani, nikawa narusha kwenda nje na kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukusanyia mshipi, haraka haraka. Kutwa nzima. Jua la Naivasha likanibabua shingo, samaki hakuna.

Jioni mwenye boti akaichukua ile krankibeti, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ulimi. Laini kabisa. Haikuwa na mchubuko wala chembe ya tope. Akaniambia, "Kaka, hii haijagusa kitu tangu asubuhi." Akainyoosha yake nione: ulimi umelika kama kisu cha buchani, rangi ya kidevuni imetoka yote mpaka mti unaonekana.

Makosa yalikuwa mawili na yote mawili unaenda kuyafanya wewe. La kwanza ni mshipi. Kina kilichoandikwa kwenye boksi, tuseme mita 4, unakipata ukirusha mbali kwa mshipi mwembamba. Mshipi mnene unakokota maji mengi na unaizuia krankibeti isishuke. Ukifunga paundi 25 na kurusha karibu, hiyo ya mita 4 haifiki huko, na wewe juu ya boti huna namna ya kujua. Mshipi wa aina ya fluorokaboni wa paundi 10 au 12 inatosha kabisa kwa besi wa pale, tena yenyewe huzama, haielei. Huyo muuzaji anakupa mshipi wa kuvutia ng'ombe shimoni halafu anakuuzia krankibeti ya kina kirefu. Vitu hivyo viwili vinapingana! Angekuwa amewahi kuvitumia pamoja hata siku moja angejua. Lakini mshipi mnene ni ghali zaidi, na kisanduku cha rangi nyingi ni ghali zaidi, basi ushauri wake wote unaishia hapo hapo kwenye droo ya pesa. Hilo linaniuma mpaka leo, maana nilimwamini kwa sababu alikuwa mtu mzima na anaongea kwa uhakika.

La pili ni mahali pa boti, na hili ndilo ghali kuliko yote. Krankibeti haishuki wima. Inashuka kwa mteremko, inatembea chini kwa muda katikati ya safari yake, kisha inapokaribia boti mshipi unaivuta juu tena. Ukikaa juu ya mgongo na kurusha nje, inapofika chini kabisa iko kwenye maji marefu yasiyo na kitu, na inapofika juu ya mgongo tayari inapanda kuja kwako. Ule mgongo uliosafiri kuufuata hauguswi. Kaa mbali, kwenye maji marefu. Rusha uvuke mgongo kabisa mpaka upande wa pili, ili mgongo uangukie katikati ya safari. Inamisha ncha ya fimbo karibu na maji. Zungusha kwa mwendo wa kawaida, maana haraka haiizamishi zaidi, na ukizidisha inalala ubavu. Ikiwa inakwenda upande hata ukizungusha taratibu, kunja kidogo sana lile tundu la kufungia mshipi kuelekea upande ulio kinyume na inakokwenda, ujaribu tena kando ya boti.

Na uchague inayoshuka zaidi kidogo ya kina cha mgongo. Mgongo ukiwa mita 3, chukua ya mita 4. Unataka ijigonge.

Ikigonga utajua. Mwanzoni fimbo inatetemeka mkononi bila kukatika. Kwenye jiwe unasikia "ko, ko" kali. Kwenye tope inakuwa nzito, tetemeko linafifia. Kwenye majani inakuwa kama inavutwa na mtu polepole. Hapo watu wengi wanaogopa kunasa na kuinyanyua fimbo juu, kumbe ndipo pa kutulia. Acha kuzungusha kwa pumzi moja. Krankibeti itaelea kurudi nyuma na kujinasua, maana ulimi ndio uliotangulia kugonga, ndoana ziko nyuma yake. Kisha endelea. Besi wengi wanagonga pale pale inapokwaruza jiwe na kubadili mwelekeo ghafla, kwa sababu anayekimbia hivyo ni chakula.

Ndiyo maana hata rangi haina mjadala mrefu. Kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, waliingizwa Naivasha mwaka 1970, na besi wenyewe waliletwa kutoka Marekani tangu 1929, kwa hiyo huyo ni mlaji na chakula chake cha kwao. Chukua kahawia yenye wekundu na moja yenye kung'aa, basi. Rangi sahihi ikipita mita mbili juu ya samaki haina kazi.

Fimbo: yenye ncha laini, ya fibaglasi ukiipata, ili samaki akigonga usimng'oe ndoana mdomoni. Rili ya mwendo wa chini.

Kitu kingine wasichokuambia ni kwamba maji ya Naivasha yalipanda sana kufikia 2020 yakafunika migunga na nyua za watu. Hiyo miti iliyozama ina besi, ila seng'enge haiachii kitu. Na pale kwenye miti na mafunjo ndipo wanaposhinda viboko. Mwenye boti akisema tusiende huko, msibishane.

Kabla ya safari fanya hivi. Chukua kamba nyembamba, funga chubwi mwisho, piga fundo kila mita. Nenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kaa na wavuvi wa pale, panda nao, maana wanajua mamba wako wapi. Shusha chubwi, hesabu mafundo, kisha rusha krankibeti moja tu mahali hapo ulipopapima mpaka mkono wako utofautishe tope na jiwe. Usijali kupata samaki siku hiyo. Kila baada ya kurusha mara kadhaa, pitisha kidole kwenye ulimi. Ukiwa laini, badilisha mshipi au badilisha krankibeti. Usihame mahali, usiguse rangi.

Ukifika Naivasha fanya hivyo hivyo kabla hujafungua kisanduku. Ukipata vipimo vya mgongo utakaovua, viweke hapa hapa kwenye uzi, juu ni mita ngapi na pembeni ni mita ngapi, pamoja na unene wa mshipi ulio nao, nikuambie ulimi wa kutafuta.